Mfalme Aliyepewa Dhahabu Akiwa na Njaa: Maana ya Akshaya Tritiya

Mfalme Rishabha alipovua taji, akagawa mali yake na kutoka mjini miguu mitupu, raia zake walimfuata kwa machozi. Walikuwa na sababu ya kumpenda. Mapokeo ya Wajaini yanasema yeye ndiye aliyewafundisha watu kilimo, ufinyanzi na ufundi wa kila aina. Alimfundisha binti yake Brahmi herufi, na binti yake Sundari akamfundisha hesabu. Basi alipoanza kupita milangoni mwao kimya, akiwa na nadhiri ya kutosema wala kuomba, kila mwenye nyumba alikimbilia ndani akatoka na kilicho bora kabisa: vito, dhahabu, farasi, ndovu, hata mabinti wa kuoa. Hakuna aliyemletea chakula. Haikumpitikia mtu kwamba mfalme anaweza kuwa na njaa. Rishabha alikuwa mtawa wa kwanza wa zama hizi, na kwa kuwa hapakuwa na mtawa mwingine kabla yake, hapakuwa na aliyejua mtawa hupewa nini, wala hupewaje. Alitembea hivyo, tumbo tupu, kwa zaidi ya mwaka. Wajaini wengi huhesabu siku 400.

Njaa hiyo iliishia Hastinapur, mji ulioko katika jimbo la leo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India. Mwanamfalme Shreyansa, kitukuu wa Rishabha, alipomwona mtawa yule alijiwa ghafla na kumbukumbu ya maisha yake ya zamani, ambamo aliwahi kuwahudumia watawa. Akajua la kufanya. Siku hiyo alikuwa ameletewa zawadi ya mitungi ya juisi ya miwa. Simulizi husema mitungi 108. Akamkaribisha mtawa, naye akakinga viganja vyake viwili na kunywa. Ilikuwa siku ya tatu ya mwezi mchanga wa Vaishakha. Siku hiyo ndiyo Akshaya Tritiya, yaani Siku ya Tatu Isiyopungua, ambayo Wagujarati huiita Akhatrij.

Leo siku hiyo inasifika duniani kama siku ya kununua dhahabu. Naandika makala hii kwa sababu naamini sifa hiyo imefunika kiini chake. Wahindu na Wajaini wanaiadhimisha kwa sababu tofauti na kwa simulizi tofauti, lakini ukizichimba simulizi zote mbili unakuta jambo moja: kutoa, na hasa kujua unayempa anahitaji nini. Wahenga wetu wamesema kutoa ni moyo, si utajiri. Raia wa Rishabha walikuwa na moyo, walikuwa na utajiri, na bado mgeni wao aliondoka na njaa.

Kuna jambo la kisheria ndani ya kisa hiki ambalo msomaji asiye Mjaini hulipita bila kuliona. Mtawa wa Kijaini hapiki, hamiliki sufuria, na haruhusiwi kupokea chakula kilichopikwa kwa ajili yake. Akipikiwa, moto uliowashwa na vijidudu vilivyokufa humo vinakuwa dhambi iliyotendwa kwa sababu yake, na msingi wa dini yake ni kutodhuru kiumbe. Hupokea tu sehemu ndogo ya kile ambacho wenye nyumba wamejiandalia wenyewe. Juisi ya Shreyansa ilikuwa imekwisha kukamuliwa na haikukusudiwa mtawa. Ndiyo maana ilikubalika. Wajaini huhesabu tendo hilo kuwa ndiyo sadaka ya kwanza ya zama hizi, na kutoka hapo watu wakajifunza kulisha watawa, kazi ambayo waumini wa kawaida wanaifanya mpaka leo.

Kwa nini mtu mwema kiasi hicho apate njaa ndefu hivyo? Wanaoamini karma hawaachi swali la namna hiyo bila jibu. Husimulia kwamba katika maisha ya nyuma wakulima walimlalamikia kuwa ng'ombe wanakula nafaka wakati wa kupura, naye akawashauri wawafunge vinywa. Wanyama wakafanya kazi juu ya chakula wasiweze kukila. Aliyezuia riziki ya ng'ombe akazuiliwa yake.

Kwa ukumbusho wa mfungo huo Wajaini, hasa wa madhehebu ya Shvetambara, hufanya ibada iitwayo varshitap, mfungo wa mwaka. Inapaswa kuelezwa kwa makini, maana hata waliokulia jirani na familia za Kijaini mara nyingi hawaijui. Huanza siku ya nane ya mwezi unaofifia, karibu na Machi, na kwisha Akshaya Tritiya ya mwaka unaofuata, ambayo ni takriban miezi 13. Siku moja mtu hufunga, siku ya pili hula, na kupishana huko huendelea bila kukatika. Siku ya kufunga haingii kitu kinywani ila maji yaliyochemshwa, nayo hunywewa baada ya jua kuchomoza na kukoma linapozama. Usiku ni mkavu kabisa. Siku ya kula si siku ya karamu: ni milo miwili tu, kila mmoja kwa kikao kimoja, na yote iwe imekwisha kabla ya magharibi, bila vitunguu, viazi, karoti wala chochote kinachong'olewa na mizizi yake. Kabla ya kila mfungo mtu hutamka nadhiri, mara nyingi mbele ya mtawa.

Msomaji aliyezoea kufunga Ramadhani ataona tofauti mara moja. Kwa Mwislamu usiku ndio wakati wa kula, kuanzia futari hadi daku. Kwa Mjaini usiku ndio uliokatazwa zaidi, kwa kuwa gizani wadudu hujazana kwenye taa na kwenye chakula, na mlaji hawezi kuwaona asiwadhuru. Mifungo hii miwili inapingana kwa saa zake, lakini yote inaitiisha nafsi.

Wanaofunga varshitap si watawa peke yao. Utakuta wafanyabiashara, akina mama wa nyumbani, wanafunzi, wazee. Siku ya kufungua, inayoitwa parana, ndugu na marafiki hukusanyika, na mfungaji hunyweshwa juisi ya miwa, kila jamaa akimmiminia kidogo kidogo. Wenye uwezo husafiri kwenda Hastinapur, au Palitana huko Gujarat, penye mlima Shatrunjaya, ambao hupandwa kwa ngazi zaidi ya 3,000 kufikia mamia ya mahekalu yaliyo juu, na kubwa kati yake ni la huyo huyo Rishabha, anayeitwa pia Adinath, Bwana wa Kwanza. Nakiri nauheshimu sana utaratibu wa kunyweshwa. Mtu aliyejinyima zaidi ya mwaka hajifungulii mwenyewe. Anasubiri mkono wa mwingine, kama Rishabha alivyosubiri.

Tarehe yake huhama, na sababu si ngumu kwa watu waliozoea kuangalia mwandamo. Kalenda ya Kihindi huugawa mwezi katika siku za kimwezi 30, ziitwazo tithi, na kila moja ni muda ambao mwezi unalitangulia jua kwa nyuzi 12 zaidi. Vaishakha hufika Aprili au Mei. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Mei, na mwaka 2025 tarehe 30 Aprili. Mwaka 2022 na 2023 nchini India siku hiyo iliangukia pamoja na Idi ya Mfunguo Mosi, tarehe 3 Mei na 22 Aprili, kisha sikukuu hizo mbili zikaachana. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, ilhali ya Kihindi huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili na nusu hivi ili isiyapoteze majira.

Majira hayo yana uzito mkubwa upande wa Wahindu. Aprili na Mei ni kilele cha joto kaskazini na katikati mwa India, wakati kipimajoto hupanda kupita nyuzi 40. Tazama basi sadaka ambazo desturi inaagiza siku hii: mtungi wa udongo uliojaa maji, kipepeo cha mkono, mwavuli, makubazi, mtindi, unga wa shayiri na dengu, sukari guru, matunda. Kila kimoja ni ulinzi dhidi ya jua. Aliyeipanga orodha hiyo hakuwa akifikiria utajiri wa mtoaji. Alimwona mpita njia ambaye koo limekauka. Huko Maharashtra mtungi huo wa maji hutolewa pia kwa kuwakumbuka wazazi na mababu waliofariki.

Nyumbani, Wahindu huamka mapema, huoga, na kumwabudu Vishnu pamoja na mkewe Lakshmi kwa majani ya mrihani mtakatifu, liwa la msandali, maua, na mchele usiovunjika punje. Wengi huihesabu pia kuwa siku aliyozaliwa Parashurama, umbile la sita la Vishnu, na siku zilipoanza zama za pili za dunia, Treta. Simulizi ninazozipenda zaidi ni mbili za chakula kidogo. Moja inatoka katika utenzi wa Mahabharata: ndugu watano Pandava wakiwa uhamishoni msituni walipewa chombo kisichoisha chakula mpaka Draupadi, mke wao, amekwisha kula. Siku moja mtawa Durvasa, mwepesi wa kulaani, alifika na kundi la wanafunzi wakati Draupadi ameshakula na chombo kimeoshwa. Krishna, umbile jingine la Vishnu, akaikuta punje moja ya wali imenasa pembeni, akaila, na wageni wote wakashiba wakiwa bado wanaoga mtoni. Nyingine ni ya Sudama, fukara aliyemtembelea Krishna, rafiki yake wa utotoni, akiwa na gao la pepeta limefungwa kwenye kitambaa kikuukuu. Aliona haya kulitoa mbele ya fahari ya jumba lile. Krishna alimnyang'anya, akala kwa furaha, na Sudama aliporudi kwake alikuta kibanda chake kimegeuka kasri.

Mahekalu makubwa nayo yana ada zake. Milango ya Gangotri na Yamunotri, milimani Himalaya kwenye vyanzo vya mito Ganga na Yamuna, hufunguliwa siku hii baada ya kufungwa na theluji tangu majira ya Diwali. Puri, jimboni Odisha, mafundi huanza kuchonga magari matatu ya mbao ya mungu Jagannath, yenye magurudumu 16, 14 na 12, ambayo hutengenezwa upya kila mwaka kwa maandamano ya Juni au Julai. Simhachalam, karibu na Visakhapatnam, sanamu ya Vishnu inayofunikwa kwa liwa mwaka mzima huvuliwa liwa lile, na mahujaji huiona sura yake kwa saa chache tu. Wakulima wa Odisha humwaga konzi ya kwanza ya mbegu za mpunga.

Dhahabu imeingiaje hapa? Jina lenyewe linaahidi kwamba kinachoanzwa siku hii hakitapungua, na Lakshmi ni mungu wa neema, kwa hiyo kununua kipande cha dhahabu kama dua ya heri si jambo la ajabu. Lakini katika miongo ya karibuni kampuni za vito zimeitangaza siku hii kwa nguvu kubwa, na familia zisizo na uwezo hujiona zina mkosi zisiponunua. Hapo nasema wazi: maandiko yanahimiza kutoa kuliko kununua, na mtungi wa maji una haki kubwa zaidi katika siku hii kuliko bangili.

Siku hii pia haihitaji mnajimu. Saa zake zote huaminika kuwa njema, ndiyo maana arusi hufungwa kwa wingi. Katika Rajasthan desturi hiyo ilibeba dhuluma kubwa: watoto wadogo kuozwa kwa makundi. Sheria ya kuzuia ndoa za watoto ilitungwa India tangu 1929, na ile ya 2006 inaweka umri wa miaka 18 kwa mwanamke na 21 kwa mwanamume. Bhanwari Devi, mfanyakazi wa mpango wa serikali wa maendeleo ya wanawake, alijaribu mwaka 1992 kuzuia ndoa ya mtoto mchanga kijijini kwake, na alilipia ujasiri huo kwa mateso makubwa. Kisa chake ndicho kilichozaa uamuzi wa Vishaka wa 1997, ambao ndani yake Mahakama ya Juu ya India iliweka mwongozo wa kuwalinda wanawake dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia kazini. Siku njema haihalalishi tendo ovu, na Wahindu wenyewe ndio waliolisema hili kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwetu Afrika Mashariki Wajaini wengi ni Waoshwal, ambao wazee wao walitoka vijiji vya karibu na Jamnagar, Gujarat, wakaanza kuhamia Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Wana mahekalu Nairobi na Mombasa, na miongoni mwao wapo wanaofunga varshitap huku wakifungua maduka na kwenda ofisini kama kawaida. Ukifanya kazi na mmoja wao, usimlazimishe chai siku ya mfungo, wala usimpangie chakula cha usiku. Ukialikwa kwenye parana yake, fika mapema, usibebe mayai wala kitu chenye vitunguu au viazi, na kama unataka kumpelekea zawadi, muulize kwanza kitu gani kitamfaa.