Jirani anakamata neno kwa dakika 20: jioni za kuelezana zinafanyika namna gani?

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye matanga katika kartie moja ya kando ya ziwa Kivu. Umeme ulikatika, muziki ukanyamaza, na mzee mmoja mvuvi akaanza kueleza juu ya sambaza. Hakuna aliyemuomba. Alisema kwamba samaki huyo tunayemkula kila siku hakuzaliwa katika ziwa letu: alitolewa Tanganyika na kuletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Akaeleza juu ya nini mitumbwi inafungwa mitatu mitatu, juu ya nini taa zinawashwa usiku ili samaki apande, na juu ya nini siku za mwezi mkubwa wavuvi wanarudi na kidogo tu. Vijana waliokuwa wanachezea simu wakasogeza viti. Mama mmoja muuzaji wa sambaza akamuuliza: « Papa, kumbe njo maana bei inapanda wakati mwezi iko mukubwa? » Mzee akacheka: « Njo vile, mama. »

Umeme uliporudi, muziki ukaanza tena na mazungumzo yakaishia pale. Mimi nilirudi nyumbani na swali moja: ni lazima mtu afe na umeme ukatike ndipo tumsikilize mvuvi?

Katika miji mingi ya dunia kuna watu waliojiuliza swali la namna hiyo, wakaamua kuweka siku. Wanakutana jioni katika nganda au sehemu yoyote ya kawaida, wakaaji wawili watatu wanasimama kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja anaeleza kitu anachokipenda na kukijua. Si mkutano wa chama, si mahubiri, si masomo ya kupata cheti. Mtu anakunywa chake, anasikiliza, anauliza, anarudi kwake.

Mfano mmoja unaojulikana sana unaitwa Nerd Nite, maana yake ni kama « usiku wa watu waliolewa na jambo moja ». Ulianzia Boston, Marekani, mwaka 2003. Kijana mtafiti, Chris Balakrishnan, alikuwa anachunguza ndege wadogo wa Afrika, na kazi hiyo ilimfikisha mpaka Cameroon. Ndege hao hawajengi kiota. Jike anataga katika kiota cha ndege wa aina nyingine, mtoto analelewa kule, na akiwa dume anajifunza hata kuimba kama baba aliyemlea. Kila akirudi toka safari, Balakrishnan alikuwa anawasimulia watu wa nganda yake ya kawaida, leo huyu, kesho yule. Mwishoni wakamwambia alete picha zake awaeleze wote mara moja. Njo vile ilianza. Mwaka 2006 jambo likafika New York, na kutoka pale likaenea. Mara nyingi ni wasemaji watatu, kila mmoja karibu dakika 20.

Wengine walikuwa wakali zaidi juu ya saa. Tokyo, mwaka huohuo wa 2003, wachora ramani za nyumba wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, walianzisha jioni zinazoitwa PechaKucha. Kila msemaji ana picha 20, kila picha inakaa sekunde 20, halafu inajipitisha yenyewe. Jumla dakika 6 na sekunde 40, basi. Waliona kwamba watu wa kazi yao, ukiwapa mikro, hawairudishi. (Kwetu ugonjwa huo hauko wa wachora ramani peke yao.)

Lakini kwangu mimi, sehemu yenye nguvu si saa. Ni maswali. Paris, mwaka 1992, mwalimu wa filosofia Marc Sautet alianza kukaa kila Jumapili asubuhi katika Café des Phares, karibu na Bastille, na yeyote aliyepita aliweza kuuliza na kujibu. Mwaka 1998, katika mji wa Leeds, Uingereza, Duncan Dallas alichukua wazo hilo akaliweka kwa sayansi. Mtaalamu anasema kama dakika 20, watu wanapumzika na kujaza vikombe, na wakati wote unaobaki ni wa wasikilizaji. Kwa majirani zetu wa Uganda na Kenya pia jioni za namna hiyo zimefanyika, watu wakauliza juu ya malaria na magonjwa mengine.

Msomaji wa kwetu atasema: hii si mpya, ni barza tu. Ni kweli. Warega wana lubunga, Wanande wana kyaghanda, na pale kando ya moto watoto walijifunza mengi. Lakini tusijidanganye: katika barza ya zamani mara nyingi wenye neno walikuwa wanaume wazee. Mama muuzaji wa sambaza angeuliza swali lake wapi? Leo katika miji tuko na « parlement debout », ambapo mwenye sauti kubwa njo anashinda na kila kitu kinaishia kwa siasa. Tena tuko na semina, meza ya wakubwa mbele, protokole ya saa nzima, na watu wengi wanangojea paka pesa ya usafiri. Nimefuata nyingi kwa kazi yangu. Maswali wanayaweka mwishoni, na mwishoni saa inakuwa imeisha.

Hilo si jambo dogo. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, zaidi ya watu 2 200 walikufa. Ujumbe ulipita kwa magari yenye vipaza sauti: nawa mikono, usiguse maiti. Gari haliulizwi swali, linapita tu. Watu walibaki na woga wao, uvumi ukajaza nafasi, na vituo vya matibabu vikashambuliwa Butembo na Katwa. Sisemi kwamba jioni ya vikombe viwili vya chai ingezuia yote. Ila muuguzi anayekaa kwenye avenyu yako, ambaye unajua watoto wake, unaweza kumuuliza kitu ambacho hutamuuliza mgeni mwenye kofia ya shirika.

Na vitu vya kueleza haviko haba. Fundi wa chukudu anajua mti gani unabeba mzigo na gani unapasuka. Mama wa Bulengo anaweza kueleza mazuku: gesi isiyoonekana, nzito kuliko hewa, inayojikusanya katika mabonde na mashimo, zaidi asubuhi mapema kama upepo haupo. Moto unazimika ndani yake. Mtu mzima anaweza kupita salama, mtoto mfupi au mbuzi akaanguka palepale. Wenyeji wanajua mashimo hayo. Familia iliyofika jana ikikimbia vita haijui, na hakuna aliyeweka siku ya kuiambia.

Usiku kwetu si wa kuchezea, kila mtu anajua. Kwa hiyo saa kumi ya mchana inatosha, watu wawe kwao kabla ya giza. Nyumba yenye parcelle kubwa, viti vya kuazima, chai au soda kila mtu kwa pesa yake. Projektere haihitajiki: mvuvi alete wavu, fundi alete kipande cha mti. Chef wa avenyu ajulishwe mapema, ili mtu asifikiri ni kikao cha siri, lakini asipewe hotuba ya kufungua, juu dakika 20 zitaliwa na salamu. Siasa na kuuza dawa vibaki nje. Na awepo mtu mmoja asiye na haya, mwenye saa mkononi, wa kumwambia hata mzee: « Papa, tunaomba samahani, sasa ni zamu ya maswali. » Msemaji akidanganya, hapo njo atajulikana.

Mzee mvuvi nilimpigia simu kumuuliza kama atakubali kurudia maelezo yake mbele ya watu. Alikubali, lakini siku alichagua yeye: « Muniite wakati mwezi iko mukubwa. Siku zile siendakake ku ziwa. »