Je, Wajua? Kware Huhesabiwa kwa Masikio

Bobwhite, kware wa mashambani nchini Marekani, husikika kuliko anavyoonekana. Tunayoyajua kuhusu kupungua kwake yametokana na watu wanaoamka alfajiri kila mwaka, wakapita njia ileile na kuandika walichokisikia.

Je, wajua kwamba ndege huyu hujitaja jina? Dume akipiga mbinja msimu wa kuzaliana, Wamarekani husikia “bob-white”. Hatoki katika familia moja na kware wa Kijapani, yule ambaye mayai yake huuzwa Nairobi na Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba hesabu kubwa ya ndege ya Amerika Kaskazini ilianza mwaka 1966? Aliyeianzisha ni Chandler Robbins, mtaalamu wa ndege wa serikali ya Marekani. Siku hizo watu walihofu kwamba dawa ya wadudu ya DDT ilikuwa ikiua ndege, lakini hapakuwa na kipimo cha nchi nzima cha kuonyesha nani anapungua na wapi.

Je, wajua kwamba kila njia ya hesabu hiyo ina urefu wa kilomita 39 hivi na vituo 50? Mhesabuji huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Katika kila kituo husimama dakika 3, akaandika kila ndege aliyemsikia, na kila aliyemwona ndani ya mita 400. Wahesabuji wengi hujitolea bila malipo.

Je, wajua kwamba hesabu hii haitafuti jumla ya kware wote? Mama anapompeleka mtoto kliniki, uzito wa siku moja haumwambii mengi. Anachotazama ni mstari wa kadi, mwezi baada ya mwezi. Vivyo hivyo kwa kware: njia ileile, msimu uleule, dakika zilezile.

Je, wajua kwamba umande ni msaidizi wa wahesabuji? Katika jimbo la Iowa, hesabu ya Agosti hufanywa asubuhi zenye umande mzito. Majani yakilowa, ndege huwatoa vifaranga wao kwenye barabara za changarawe wakauke manyoya, na hapo huonekana kwa urahisi.

Je, wajua kwamba hata wapeleka barua wamekuwa wahesabuji? Huko Kansas na Nebraska, wafanyakazi wa posta wa vijijini wameandika kwa miongo mingi idadi ya kware waliowaona wakiwa njiani na barua zao.

Je, wajua kwamba mbinja nyingi si lazima ziwe habari njema? Dume asiye na mwenzi hupiga mbinja zaidi kuliko aliyepata jike. Ndiyo maana wataalamu husikiliza tena majira ya vuli, wakati makundi yanapoitana kabla ya mapambazuko.

Je, wajua kwamba kware wengi hawafikishi mwaka? Kwa kawaida, zaidi ya nusu ya bobwhite hufa kila mwaka, kisha kizazi kipya hujaza pengo, kwani jike hutaga mayai 12 hadi 16 kwa mkupuo. Huko Texas, mvua njema huwaongeza ghafla na ukame huwapukutisha. Kwa hiyo mwaka mmoja mbaya si msiba, na mwaka mmoja mzuri si ushindi.

Je, wajua kwamba miaka mingi ikiunganishwa, picha yake inauma? Tangu 1966, bobwhite wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Hakuna asubuhi moja ambayo mkulima angesema, “Leo kware wameondoka.”

Je, wajua kwamba nyasi nzuri kwa ng’ombe zaweza kuwa ukuta kwa kifaranga? Kifaranga wa bobwhite huanguliwa akiwa na gramu 6 hivi, na hufuata wadudu kwa miguu. Malisho yaliyosongamana humzuia kupita. Mashamba makubwa yaliyolimwa hadi ukingoni nayo yamemnyima vichaka vya kujificha.

Je, wajua kwamba moto uliopangwa humsaidia? Katika kitabu chake cha 1931, Herbert Stoddard alionyesha kwamba kuchoma misitu ya misonobari ya kusini mwa Marekani kwa uangalifu huacha ardhi wazi na mimea anayoihitaji kware. Wakati huo wasimamizi wengi wa misitu waliuona kila moto kuwa adui.

Je, wajua kwamba ukingo wa shamba unaweza kumrudisha? Tangu 2004, serikali ya Marekani imewalipa wakulima wanaoacha ukanda wa nyasi za asili kuzunguka mazao yao. Wasikilizaji wa vuli waligundua makundi mengi zaidi kwenye mashamba hayo kuliko kwenye yale yasiyo na ukanda.

Je, wajua kwamba sifuri nayo huandikwa? Kituo kikiwa kimya, mhesabuji husikiliza dakika zake zote 3 kabla ya kwenda kingine. Angeviruka vituo vilivyonyamaza, karatasi ingeonyesha kware tele huku mashamba yakibaki matupu. Na siku mbinja moja itakaporudi pale, sifuri hizo ndizo zitakazotuambia kwamba tumempata tena aliyekuwa amepotea.