Gigabaiti 18 za maalim zimekwenda wapi?

Boksi la kompyuta limeandikwa gigabaiti 256. Ukiiwasha, skrini inasema 238. Maalim mmoja wa skuli hapa Pujini, Pemba, alinionesha tofauti hiyo huku akiamini kauziwa mashine iliyopunjwa, nami sikuwa na la kumjibu. Kwa mtu aliyejinyima mshahara akanunua, 18 si kidogo.

Fundi wa simu na kompyuta tuliyemwendea hakuifungua hata mashine. "Hujaibiwa, maalim," alisema, akachukua kalamu. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows yenyewe inazidisha 1,024 × 1,024 × 1,024, inapata baiti 1,073,741,824, na hiyo ndiyo inayoiita gigabaiti. Gawa baiti bilioni 256 kwa namba hiyo: 238.4. Ni karafuu zile zile zilizopimwa kwa pishi mbili; ukitumia pishi kubwa utahesabu pishi chache, na hakuna punje iliyopotea. Diski ikiwa kubwa, pengo nalo linakua: terabaiti moja ya dukani inasomeka 931.

Tangu 1998 wataalamu wa viwango wa IEC walikipa kile kipimo kikubwa jina lake, gibibaiti. Apple nao mwaka 2009 waliamua kompyuta zao zihesabu kama viwanda vinavyohesabu. Windows bado inapima gibibaiti na kuandika GB. Mnunuzi atajuaje? Na kwa nini boksi lisimwambie? Fundi hakuwa na jibu, nami silioni.

Hata hivyo mashine ya maalim ilikuwa imejaa kweli. Fundi aliingia "Settings", "System", kisha "Storage", akamwonesha nini kinakula nafasi. Kwenye "Downloads" mtihani mmoja wa kidato cha nne ulikaa mara nne, nakala za ziada zikiwa na (1), (2) na (3) mwisho wa jina, kwa sababu kila ulipohitajika ulishushwa upya. Video alizozifuta zilikuwa bado zimo kwenye pipa la taka, zikishika nafasi ile ile mpaka pipa limwagwe. Folda ya Windows.old, toleo la zamani linalobaki baada ya kusasisha, kwa kawaida hujiondoa baada ya siku 10. Anayetaka mapema aiondoe kupitia hapo hapo "Storage". Programu za kulipia zinazojinadi kusafisha kompyuta fundi hataki hata kuzisikia.

Faili moja kubwa alikataa kuligusa: hiberfil.sys, ambamo kompyuta huandika kazi iliyo wazi kabla ya kuzima ili iikute ikiwashwa tena. Wapo wanaoliondoa wapate gigabaiti kadhaa. Pemba inapata umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, lakini ukikatika na betri ikawa inakwisha, faili hilo ndilo linaloweza kuokoa matokeo ya darasa zima. Naona ana haki.

Wauzaji, iwe Chake Chake au Unguja, andikeni namba zote mbili kwenye karatasi ya bei: 256 ya kiwandani, 238 ya kwenye skrini. Na wewe mwenye kompyuta iliyojaa, nakili kazi zako kwenye diski ya nje kwanza, uhakikishe zinafunguka, ndipo ufute.