Istilahi za Kukokota: Pikapu Kuukuu na Tela Zito katika Miteremko ya Meru

Madhumuni ya makala haya ni kuchambua istilahi zinazohitajika pale mwenye pikapu kuukuu ya dizeli anapoamua kuifungia tela zito kuliko lile alilozoea. Yamkini msomaji atashangaa kuona jambo la gereji likijadiliwa katika kurasa hizi. Lakini katika mji wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru jambo hili ni la kila siku. Nyanya na vitunguu hutoka Ngarenanyuki kwenda Usa River na Tengeru; matangi ya maji hupelekwa penye ukame upande wa Oldonyo Sambu; majani ya ng'ombe hupandishwa kwa wafugaji wa ndani. Kazi hiyo aghalabu hufanywa na Hilux au Land Cruiser zilizokwisha tumika miaka ishirini au thelathini. Maelekezo ya watengenezaji yameandikwa kwa Kiingereza au Kijapani, na anayeyafasiri hujikuta na maneno mawili tu ya Kiswahili, yaani "uzito" na "nguvu", ambayo hutakiwa kubeba dhana zaidi ya kumi. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Watu wengi husema gari "linavuta" tela, na si kosa. Hata hivyo "kuvuta" kuna kazi nyingine katika lugha ya madereva: gari lisilokuwa na msukumo mlimani husemwa kuwa "halivuti", hata likiwa tupu. Kwa hiyo "uwezo wa kuvuta" unaweza kumaanisha hali ya injini au kiwango cha mzigo kilichoruhusiwa nyuma ya gari. "Kuburuta" nako hakufai, kwa maana kitu kinachoburutwa husugua ardhi. Kiswahili kina kitenzi kilichokuwa kikingoja kazi hii, nacho ni "kukokota", ambacho tayari kimetupa mkokoteni: chombo chenye magurudumu, kinachokwenda kwa juhudi ya kingine. Tunapendekeza basi "uwezo wa kukokota" kwa kiwango cha mzigo, na "kuvuta" kuachiwe injini. (Tulifikiria pia kuliita tela "kikokotwa", lakini tangu mjadala wa mafao ya uzeeni wa mwaka 2018 mfanyakazi akisikia neno lolote linaloanza na "kikoko-" hufikiria kikokotoo cha pensheni. Jina "tela" limekwisha enea, nalo "trela" lipo katika kamusi. Hatuoni sababu ya kugombana na lolote kati ya hayo.)

Suala zito zaidi ni la tani. Mswahili akisema "gari la tani tatu", anakusudia gari linalobeba tani tatu. Uzito wa gari lenyewe haumo katika hesabu. Kitabu cha mtengenezaji kikitaja tela la tani mbili, kwa kawaida hukusudia tela pamoja na kila kilichomo ndani yake. Tela la chuma lililochomelewa mjini, lenye uwezo wa kubeba tani mbili, laweza kuwa na kilo 600 za chuma chake. Mwenye gari anayesoma kwamba pikapu yake imeruhusiwa kukokota "tani mbili", kisha akanunua "tela la tani mbili" kwa maana ya mtaani, amekwisha kuzidisha kilo 600 kabla hajatoka getini. Hakudanganya mtu na hakuvunja sheria kwa kusudi. Ametegemea tafsiri iliyokuwa sahihi neno kwa neno.

Kwa sababu hiyo mfasiri hana budi kulitenganisha neno "uzito" kila linapotokea. "Uzito mtupu" ni wa gari au tela lisilo na mzigo wala abiria. "Shehena" ni kila kinachoongezwa juu ya hapo, wakiwamo dereva na utingo. "Uzito wa jumla" ni hivyo viwili pamoja, na lazima itajwe kama ni wa jumla wa gari au wa jumla wa tela. Gari na tela vikifungwa pamoja tunapendekeza viitwe "jozi", ili "uzito wa jumla wa jozi" utambulishe kikomo cha vyote viwili. Neno "msafara" tumeliacha kwa kuwa huashiria magari mengi yanayofuatana. Mwisho ni "uzito wa ekseli", ambao sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya udhibiti wa uzito wa magari huutenga waziwazi na uzito wa jumla, na ambao madereva wa malori wanaujua vyema kutokana na mizani za barabarani. Mwenye pikapu ndiye asiyeujua.

Wanafizikia watatukumbusha kwamba kilo hupima tungamo, na kwamba uzito ni kani. Wanasema kweli, nayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 imeyaweka sawa. Hata hivyo hatudhani kwamba fundi wa gereji atapata faida yoyote kwa kuambiwa "tungamo la jumla la jozi". Istilahi ya darasani ibaki darasani.

Kuna uzito mwingine ambao lugha ya mtaani haijaupa jina, nao huenda ndio wenye madhara makubwa kuliko yote: ule ambao tela huukandamizia gari mahali linapofungwa. Waingereza hutaja pua, na Wamarekani ulimi. Sisi tunayo picha iliyo karibu zaidi. Aliyewahi kupakia mkokoteni wa ng'ombe au wa punda anajua kwamba mzigo ukizidi nyuma, mti wa mbele hunyanyuka na nira kumkaba mnyama. Ukizidi mbele, humwelemea shingoni. Tunapendekeza "uzito wa shingoni". Kwa kadiri ya desturi za Marekani huwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa jumla wa tela. Vitabu vya Ulaya hutaja kiasi kidogo zaidi. Ukipungua mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia likiwa katika mwendo, na mwyumbo huo huweza kukua hata dereva akashindwa kuutuliza.

Tuchukue mfano wa tela letu la kilo 2,600, lenye uzito wa shingoni wa kilo 260. Tuseme ekseli mbili za gari zimeachana mita 3, na kulabu ya kukokotea iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa kanuni ya wenzo, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 260, bali kilo 364, na ile ya mbele hupunguziwa kilo 104. Dereva huona usukani umekuwa mwepesi, akafurahi. Kumbe matairi ya mbele, yenye kazi ya kukata kona na sehemu kubwa ya kazi ya breki, yameanza kupoteza mshiko. Zaidi ya hayo, zile kilo 260 ni sehemu ya shehena ya gari. Pikapu ya kubeba tani moja imebakiwa na kilo 740, na hapo dereva hajapanda.

Dawa inayopendwa na wengi ni kuongeza springi za nyuma. Mkia huinuka na gari hupendeza macho. Lakini bamba la springi halibadilishi fani ya ekseli, bearingi, rimu wala matairi, na uzito ulioruhusiwa hubaki palepale. Mfasiri asiandike kwamba springi "zinaongeza uwezo wa gari"; aandike kwamba "zinazuia mkia kushuka". Kadhalika kulabu ifungwe kwa bolti kwenye chesesi iliyokaguliwa kutu, kamwe isichomelewe kwenye bampa, na minyororo ya usalama ipite chini yake kwa kupishana.

Sasa tuje kwenye "nguvu". Injini ya Toyota aina ya 3L, iliyomo katika Hilux nyingi za zamani, ina silinda nne zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, nayo haina turbo. Maana yake ni kwamba huvuta hewa kwa kadiri mazingira yanavyoijalia. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Injini hupungukiwa kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hapa yafaa kutofautisha "nguvu farasi", yaani kazi ambayo injini huifanya kwa muda fulani, na "kani ya kuzungusha", yaani msokoto inaoutoa kwenye shafti. Anayeondoa tela mlimani kutoka kusimama anahitaji hii ya pili. Ndiyo maana matairi makubwa ya fahari huharibu kazi: hurefusha njia ya kila mzunguko na kupunguza kani inayofika ardhini.

Baadhi ya mafundi hujaribu kurudisha kilichopotea kwa kufungulia pampu imwage dizeli nyingi zaidi. Moshi mweusi unaofuata ni ushahidi kwamba dizeli haikupata hewa ya kutosha kuungua; joto la ekzosi hupanda na pistoni ndizo zinazolipa. Lililo bora ni kuanza na mambo yasiyosifiwa: kupima mgandamizo wa silinda, kutengeneza nozeli, kubadilisha chujio la hewa. Klachi inayoteleza katika gia ya nne ikiwa gari tupu haitaweza jozi ya tani nne na nusu.

Rejeta nayo ina istilahi yake iliyosahauliwa. Katika kimo hicho maji ya wazi huchemka katika nyuzi 95 hivi, wala si 100. Kifuniko cha rejeta hakizibi tu. Huzuia kanieneo ndani ili maji yachemke katika joto la juu zaidi. Kuliita pambo hilo "mfuniko" kama wa sufuria kumewafanya wengi waweke chochote kinachoenea. Tungependa "kifuniko cha kanieneo", ingawa twajua kwamba litachelewa kukubalika.

Tumeziacha breki mwisho kwa sababu ndizo zenye mengi. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni Kibaoni katika barabara ya Arusha hadi Namanga, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za awali zilisema breki zilifeli. Hatuna la kuongeza juu ya ajali hiyo, ila juu ya neno. "Kufeli breki" kunaficha mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina kinga yake.

Kwanza ni "kulika": bitana za breki zimekwisha kwa matumizi, na ukaguzi wa kawaida ungeziona. Pili ni "kukatika": bomba limepasuka au oili imevuja, na pedali huzama. Tatu ni lile ambalo Kiswahili hakijalipa jina, nasi tunaliita "kuchoka": bitana ni nzima, oili ipo, lakini joto limezidi hata msuguano umepungua, au maji yaliyonyonywa na oili kuukuu yamegeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Breki zilizochoka zikipoa huonekana nzima, na fundi atakayezikagua kesho yake hataona dosari.

Ukubwa wa joto hilo wakadirika. Jozi ya kilo 4,600, yaani gari la kilo 2,000 na tela letu, ikishuka mita 300 za wima kwa mwendo usiobadilika, hutoa nishati ya kutosha kuchemsha kiasi cha lita 40 za maji yaliyokuwa na nyuzi 15. Gari peke yake lingechemsha lita 17 na nusu. Sehemu ya joto huchukuliwa na upepo na injini; inayobaki yote huingia katika breki. Kama tela halina breki zake, hizo ni breki za pikapu tu, zilizotengenezwa kwa ajili ya zile lita 17.

Kwa hiyo maelekezo ya dereva lazima yamwambie ashuke kwa gia gani, ili injini ibebe sehemu ya kazi hiyo. Akiambiwa "gia ndogo" ana haki ya kuuliza kama ni ndogo kwa namba au kwa nguvu. "Gia nzito" haina utata huo, na iandikwe pamoja na namba: "shuka kwa gia nzito, namba mbili". Anayebeba tangi la maji aongezewe onyo la kulijaza kabisa au kuliacha tupu, maana lita 1,000 zikiwa na nafasi ya kukimbilia mbele husukuma jozi wakati uleule dereva anapoizuia.

Limebaki jina la breki za tela zinazofunga zenyewe pale tela linapolisukuma gari. Kamati imependekezewa "breki ya msukumo" na "breki jifungi". La kwanza laweza kudhaniwa kuwa breki inayosukumwa kwa mguu. La pili ni fupi, lakini halitaji kinachoifunga. Wasomaji, hususan mafundi wa Arusha na wa Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, ambacho kimekuwa mjini humo tangu kilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, wanaombwa kutuletea neno wanalolitumia wao, pamoja na sentensi mbili au tatu zinazoonyesha linavyosemwa kazini.