Mawe Yaliyosimamishwa na Wengi

Huko Uingereza, katika uwanda wa Salisbury, yamesimama mawe yaitwayo Stonehenge. Yale makubwa yalisimamishwa yapata miaka 2500 kabla ya kuzaliwa Kristo, na watu wasiojua chuma wala maandishi. Mengi yana uzito wa tani 20 na zaidi, nayo yalikokotwa mwendo wa kilomita 25 hivi. Yale madogo yalitoka milima ya Preseli katika Wales, zaidi ya kilomita 200. Kidole kimoja hakivunji chawa. Seuze jiwe la tani 20!

Wala hayakupangwa ovyo. Mwezi wa Juni, mchana uwapo mrefu kupita siku zote, mtu asimamaye katikati ya duara huliona jua likichomoza karibu na jiwe lililo peke yake nje. Mwezi wa Desemba, mchana uwapo mfupi kabisa, jua huchwa upande wa pili, katika mstari ule ule. Kwa mkulima na mchungaji wa nchi ya baridi, siku jua ligeukapo si jambo dogo.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Katika karne ya 12, Geoffrey wa Monmouth aliandika kwamba mawe yaliletwa kwa ustadi wa mchawi Merlin. Ndivyo jasho la wengi lisahauliwavyo, sifa akapewa mmoja. Lakini huko Durrington Walls, kilomita 3 tu kutoka hapo, wachimbuzi wamefukua nyumba za zama zile zile, na mifupa tele ya nguruwe walioliwa katika karamu za majira ya baridi. Hao walikuwa watu, si majini.

Mwaka 1901, baada ya jiwe moja kuanguka, mwenye ardhi alizungusha ua wa waya, akamtoza kila mtazamaji shilingi moja. Waliodai njia ya watu wote walishindwa mahakamani mwaka 1905. Mwaka 1915 mawe yakanadiwa, yakauzwa kwa pauni 6,600. Mnunuzi, Cecil Chubb, aliyatoa kwa taifa mwaka 1918. Tangu mwaka 2000, alfajiri ile ya Juni watu huruhusiwa kuingia katika duara bila malipo.

Sisi twaona hiyo ndiyo haki. Jua halijapata kumtoza mtu shilingi. Na kazi ya mikono ya wengi isifungiwe uani mwa mmoja.