Kabla hujaing'oa injini ya Land Rover yako

Siku hizi kila mwenye Land Rover kuukuu hapa pwani ana jamaa aliyemtumia video. Ndani yake kuna gari la miaka ya sitini lililotolewa injini, likatiwa mota na betri, nalo latambaa mchangani kimya kimya kama paka. Chini ya video jamaa ameandika: "Na hilo lenu je?" Mimi nimetumiwa na watu watatu, mmoja wao yuko Muscat. Nimeona bora niwajibu wote kwa pamoja hapa. Kwetu suala hili si la kupitisha wakati barazani. Marehemu baba ametuachia Land Rover Series III, iko Msambweni, na yatupasa tuamue la kufanya nayo.

Kwanza, inawezekana. Mwaka 2013, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Land Rover wenyewe walionyesha Defender 7 za umeme za majaribio. Kila moja ilikuwa na mota ya kilowati 70 na betri ya uniti 27. Uniti nazisema kwa maana ile ile tunayonunulia tokeni. Betri peke yake ilikuwa na uzani wa kilo 410, na gari lilikwenda zaidi ya kilomita 80 kwa chaji moja. Moja ilipelekwa Eden Project, ile bustani kubwa ya Cornwall, Uingereza, ikavuta mabehewa ya wageni yenye uzani wa tani 12 kupanda mteremko. Huko Uholanzi kuna kampuni inayobadilisha Land Cruiser na Hilux kwa ajili ya migodi, ambako moshi chini ya ardhi ni hatari. Kampuni hiyo yaitwa Tembo. Nadhani walimkusudia mnyama. Kwetu mnyama ni ndovu, na tembo ni kile kinachogemwa mnazini, lakini tuwasamehe. Nairobi nako kuna Roam, ambao zamani walijiita Opibus. Walianza kwa kubadilisha magari ya mbugani kabla hawajageukia pikipiki na mabasi.

Kwa hivyo swali la kuuliza ni gari gani, na kwa kazi gani. Hapo ndipo video haisemi kitu.

Kazi yenyewe ikielezwa kwa ufupi si ngumu kufahamu. Injini, radieta, tangi la mafuta na ekzosi vyote vyatoka. Giaboksi yabaki, pamoja na ile giaboksi ndogo ya fobaifo. Mota yafungwa pale injini ilipokuwa, kwa bamba nene la chuma lililochongwa likashika mota upande mmoja na giaboksi upande wa pili. Bamba hilo lisikutishe. Mafundi wetu wa jua kali wamekuwa wakitia injini za dizeli za Isuzu na Toyota ndani ya Land Rover miaka mingi, na kila mara walilazimika kuchonga bamba kama hilo. Kisha kuna kontrola, yaani kifaa kinachopima umeme uende kiasi gani kwenye mota unapokanyaga pedali, kuna chaja, na kuna kifaa kidogo cha kushusha umeme hadi volti 12 kwa ajili ya taa, honi na waipa.

Sasa tuje kwenye gari. Land Rover ilizaliwa mwaka 1948, baada ya Vita Vikuu, wakati chuma cha bati kilikuwa kwa mgao Uingereza, ndiyo maana bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Watu wakaona bodi haishiki kutu, wakadhani gari lote haliozi. Chini kuna chesisi ya chuma, na chesisi hiyo ni boksi lililo wazi ndani. Hapa kwetu upepo wa bahari huingiza chumvi humo, maji ya mvua hukaa, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Rangi ya nje yaweza kung'aa na nyuma yake pakawa karatasi. Palipogusana aluminiamu na chuma penye chumvi, aluminiamu nayo hugeuka unga mweupe. Basi kabla hujauliza bei ya mota, mlete fundi mwenye nyundo ndogo, alale chini ya gari, agonge chesisi yote, hasa boriti ya nyuma na mikono inayoshika bodi. Sauti ya chuma kizima na sauti ya chuma kilichooza hazifanani, hata mtoto atazitofautisha. Kupachika kilo 300 au 400 za betri kwenye chesisi iliyooza ni kumtafutia mtu mauti.

Gari letu liligongwa hivyo mwezi uliopita. Mbele zima, boriti ya nyuma imekwisha. Yabadilishika, na tumeambiwa lazima ibadilishwe hata kama tutaamua kubaki na petroli.

La pili ni shafti. Injini ya Series III ya lita 2.25 ina nguvu ya wastani, tena hupanda pole pole. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu halijazunguka. Shafti za nyuma za Land Rover za zamani zajulikana kwa kukatika hata kwa injini yake yenyewe, seuze ukizipiga kwa mota kubwa. Kontrola huweza kupangwa isipitishe nguvu zaidi ya kiwango fulani, na fundi anayejua kazi yake ataipanga isizidi nguvu ya injini ya zamani. Akikwambia gari lako litaondoka kama roketi, mshukuru, kisha tafuta mwingine. Na breki! Series III ina breki za ngoma magurudumu yote manne, na nyingi zavuta upande mmoja. Uzani ukiongezwa, breki ziangaliwe kwanza.

Betri ndiyo inayokula pesa, na ndipo penye mtego wa joto letu. Wengi hutafuta betri kuukuu ya Nissan Leaf iliyogongwa, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na bei yake si ya kutisha. Nissan Leaf ilitoka na betri isiyo na mfumo wa kupoza kwa maji. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, jimbo la jangwa Marekani, walianza kulalamika kuwa betri zao zachoka mapema mno, na chanzo kilikuwa joto. Mombasa si jangwa, lakini gari likishinda juani mwezi wa Februari na usiku nao haupoi, betri haipati nafasi ya kupumua. Mimi nikiulizwa, nasema betri mpya za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti. Huwa nzito kidogo kwa kiasi kile kile cha umeme, lakini hustahimili joto vizuri zaidi, haziwaki moto upesi, na hustahimili kuchajiwa mara elfu kadhaa. Ziwekwe ndani ya sanduku lisiloingia maji, kivulini mwa gari, mbali na mahali injini ya zamani ilipokuwa ikichota matope. Masika ya hapa kwetu yawajua wasiojikinga.

Haya, tuhesabu. Nachukua Land Rover ya petroli inayokunywa lita 17 kwa kilomita 100, na petroli shilingi 180 kwa lita. Hiyo ni shilingi 3,060. Gari lenye umbo la kabati namna hii, likiwa la umeme, hutumia kama uniti 33 kwa kilomita 100. Ongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, useme 37. Kwa shilingi 30 kwa uniti, ni 1,110. Umeokoa kama shilingi 1,950 kwa kila kilomita 100, bila kuhesabu oili, plagi na kabureta inayotaka kubembelezwa kila asubuhi.

Makadirio tuliyopewa sisi ya kubadilisha gari letu, kwa betri mpya ya uniti 27, ni kama shilingi milioni 1.6. Mwenye gari la kwenda sokoni na msikitini, kilomita 10 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ataokoa chini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Atarudisha pesa zake baada ya miaka 27. Mwenye kwenda kilomita 50 kila siku ataokoa zaidi ya 24,000 kwa mwezi, na pesa zitarudi kwa miaka mitano na nusu. Na mwenye kwenda kilomita 200 kwa siku hawezi kabisa, maana betri haimfikishi. Huyo, na yule wa kwenda Garissa au Voi, namwambia atafute injini nzuri ya dizeli.

Kwa hivyo gari la umeme la namna hii lina mtu wake maalumu: mwenye safari fupi, ile ile, kila siku, tena kwenye njia mbaya inayohitaji fobaifo. Mwenye shamba. Mwenye kubeba barafu na samaki kutoka bandarini hadi barabara kuu. Mwenye kusomba maji. Magari mengi mazuri ya zamani niyaonayo Nyali na Diani hutolewa Jumapili, yakapigwa picha, yakarudi. Mwenyewe akitaka kuyatia umeme kwa raha yake, pesa ni zake, ila asituambie anaokoa.

Kaka yangu mkubwa ndiye mtu huyo maalumu. Analima Msambweni, na kila siku ila Ijumaa hupeleka madafu na mboga Ukunda, kwenda na kurudi karibu kilomita 50. Hesabu yamkubali. Lakini gari si lake. Ni mirathi, na hili nalisema wazi kwa sababu najua nyumba nyingi za pwani zina gari, mashua au kiwanja cha namna hii, ambacho mmoja hukitengeneza kwa pesa zake na wengine wakanyamaza, hadi siku ya ugomvi. Wazazi wa baba walitangulia. Amemwacha mama, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Gari limethaminiwa lilivyo, na kutu yake, shilingi 640,000. Mama thumni yake ni 80,000. Kila mwana wa kiume 140,000, kila binti 70,000. Kaka akitaka kulitia umeme kwa pesa zake, anunue kwanza mafungu yetu, nusu milioni, kisha afanye atakalo. Au tubaki washirika, iandikwe ya kuwa gari ni la wote na betri ni yake. Dada yetu mdogo amesema hataki ushirika na betri, ataka 70,000 zake, mwanawe aingia chuo Septemba. Ana haki. Kaka akianza kazi kabla ya kumlipa, fungu la dada litakuwa limezikwa chini ya mota, na hakuna atakayejua tena thamani yake.

Akishalipa, gharama yake yote yapanda hadi milioni 2.1. Kwa mkulima, hizo ni pesa za kufikiria mara mbili.

Yabaki mambo ya nyumbani na ya serikali. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hutoa kama kilowati 3 ikifanya kazi kwa ukomo wake, na haifai kukamuliwa hivyo usiku kucha. Betri ya uniti 27 itachukua kama saa 12 kwa mwendo wa salama. Nyumba zetu nyingi zina waya wa tangu enzi za babu. Vutisha laini ya peke yake kutoka kwenye mita, yenye swichi yake ya kukata na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Stima ikipotea usiku, na yapotea, kesho asubuhi huna safari. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa magari iliyopitishwa na EPRA, chini ya bei ya nyumbani, na usiku hushuka zaidi; mwenye safari nyingi na aulizie Kenya Power masharti yake.

Kwenye logbook pameandikwa namba ya injini na aina ya mafuta. Ukibadilisha, gari lazima likaguliwe na NTSA waandikishe mabadiliko, na kampuni ya bima ipewe habari kwa maandishi kabla gari halijatoka barabarani. Fundi wako umuulize kabla hajashika spana: swichi ya kukata umeme wote wa betri itakaa wapi, na mtu asiyejua gari ataifikia vipi siku ya ajali? Umeme wa betri hizi, ukipita volti 60, waweza kuua, na mwali wake haukatiki kirahisi kama wa nyumbani. Asiyekuwa na jibu la haraka kwa swali hilo, mwachie aendelee na kabureta.

Kaka sasa ana daftari ndani ya tuktuk anayokodi. Kila safari aandika kilomita, mzigo na siku ambazo njia ilikuwa haipitiki. Tumempa hadi mwisho wa vuli, naye ameahidi kwamba dada atalipwa kabla ya hapo.