Taulo za jikoni za Nakivale: hesabu ya uzi kabla ya soko la Mbarara

Kikundi cha wafumaji katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kinachotaka kuuza vitambaa vya kufutia vyombo mjini Mbarara au nje ya mpaka, kinaweza kupoteza faida yote kabla ya taulo la kwanza kukamilika. Sababu kubwa ni uzi kupungua katikati ya kazi, au taulo kurudi nyuma baada ya kufuliwa na mnunuzi kulikataa.

Nakivale, iliyofunguliwa mwaka 1958, ina watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia. Baadhi ya nchi hizo zina ufumaji wa pamba wa tangu zamani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuwa vitambaa vya mji huo vilisafirishwa hadi Misri.

Mfumo unaofaa kuanza nao ni ule wa moja juu, moja chini, wenye mistari ya rangi pembeni. Ni rahisi, hukauka haraka na hauna nyuzi ndefu za kunasa kwenye uma au kisu.

Hesabu ya taulo 10

Taulo lililokamilika liwe sentimita 45 kwa 65. Kwa kuwa pamba hurudi, upana kwenye kitanda cha mfumi uwe sentimita 52, na urefu wa kila taulo sentimita 90 pamoja na pindo. Taulo 10 ni mita 9. Ongeza mita 1 ya mabaki, mtande unakuwa mita 10.

Kwa nyuzi 7 kila sentimita, mtande una nyuzi 364, sawa na mita 3,640. Mshindio unahitaji karibu mita 3,600. Jumla ni kama mita 7,240. Uzi wa pamba namba 8/2 una takriban mita 6,700 kwa kilo, hivyo inunuliwe kilo 1.1 na akiba kidogo.

Hata hivyo, sampuli moja ifumwe kwanza, ifuliwe kwa maji ya moto na kupimwa upya. Uzi wa rangi ufuliwe pamoja na kitambaa cheupe ili kuona kama unachuja.

Usafiri na mpaka

Taulo moja lina uzito wa gramu 100 hivi, hivyo taulo 100 ni kama kilo 10, mzigo mdogo kwa gari la abiria. Zifungwe kwenye nailoni kuzuia vumbi na mvua.

Kwa wanaopeleka Rwanda kupitia Mirama Hills, au Tanzania kupitia Mutukula, bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 zinaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine za ndani hubaki. Risiti za uzi zihifadhiwe, maana uzi uliotoka nje ya jumuiya unaweza kuzua maswali.

Aidha, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki ya kufanya kazi, lakini kuvuka mpaka kunahitaji hati ya kusafiria. Kikundi kisichokuwa nayo kinaweza kumkabidhi mzigo mfanyabiashara wa Mbarara, kwa makubaliano ya maandishi yenye idadi, vipimo na bei.